Tunda Lililochumwa Bado Linapumua

Mwenyekiti wetu, wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu wakulima na ninyi mnaoshinda maghalani: shikamooni kwa wanaostahili shikamoo, na wengine wote habari za asubuhi.

Kabla sijasema lolote, tazameni hapa mezani. Kuna maembe matatu. Yalichumwa siku moja, kwenye mti mmoja, yakiwa yamekomaa lakini hayajaiva, na leo yanatimiza siku 12. Hayakuonja jokofu, yote yamekaa rafu moja, chumba kimoja. Hili la kushoto halikupakwa kitu. Linajieleza lenyewe: ngozi imekunjamana, na karibu na kikonyo kuna doa jeusi linalotanuka. Hili la katikati nililichovya kwenye maji ya kitosani, unga unaotokana na magamba ya kamba na kaa, likapata utando mwembamba ambao hata ukilisogeza machoni huuoni. Hili la kulia lilichovywa kwenye maji yaleyale, ila mara nne, na kila mara nililiacha likauke kwanza ndipo nikalirudisha. Naomba kila mmoja wenu achague moja, kimoyomoyo, lile ambalo angelinunua.

Nawaona. Macho yamekwenda kulia, kwa lile linalong'aa, lenye ukijani kana kwamba limeshuka mtini alfajiri ya leo. Vyema. Kisu ninacho, lakini tutakata mwishoni.

Nimeitwa nizungumzie utando unaolika. Jina lisiwatishe. Ni ngozi ya pili tunayolivisha tunda, imetengenezwa kwa vitu ambavyo mtu anaweza kuvila bila madhara: nta, gundi za miti, wanga, mwani, protini ya maziwa. Tunda linachovywa au kunyunyiziwa, linakauka, na mlaji analila pamoja na vazi lake. Kazi yenyewe ni hiyo tu, na mtoto wa darasa la tano anaweza kuifanya. Ugumu uko kwingine. Sisi tunaopaka tuna tabia ya kusahau kwamba tunachokipaka ni kitu hai.

Tunda likikatwa kikonyo halifi. Linaendelea kuvuta oksijeni, linaunguza sukari yake, linatoa kabonidioksidi, maji na joto. Mwenye shaka aingize mkono katikati ya rundo la matunda yaliyofunikwa turubai usiku kucha, asikie lile vuguvugu. Likiwa mtini, sukari iliyotumika ilirudishwa na majani. Sasa hakuna wa kurudisha. Linaishi kwa akiba, kama mstaafu asiye na pensheni, na kila saa tunayolihifadhi ni saa ya kula akiba hiyo. Kazi yote ya kuhifadhi matunda, iwe kwa barafu, kwa mashine au kwa utando, ni kulishawishi tunda liile akiba hiyo polepole. Kwa matunda mengi, joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya kupumua huongezeka mara mbili hadi tatu. Shikeni hesabu hiyo, nitairudia.

Katika miaka ya 1920, huko Cambridge, Uingereza, wanasayansi wawili, Franklin Kidd na Cyril West, walikaa na matofaa wakipima pumzi zake siku baada ya siku. Pumzi zilishuka kwanza, zikatulia, kisha tunda lilipoanza kuiva zikapanda kwa kishindo, halafu zikaporomoka tunda likielekea uzeeni. Kupanda huko ndiko kunakogawa matunda makundi mawili. Embe, ndizi, parachichi, papai, tofaa na nyanya huwa nako: ukiyachuma yamekomaa, yataivia ndani ya nyumba. Chungwa, zabibu, nanasi na stroberi hayana. Ukiyachuma machachu utayala machachu, hata uyaombee dua. Mwaka 1934 mwanasayansi mwingine, Richard Gane, alithibitisha kwamba matofaa yanayoiva hutoa gesi iitwayo ethilini, na gesi hiyohiyo ndiyo inayoyaamsha mengine yaive. Wahenga walisema samaki mmoja akioza wote wameoza, nao walikuwa wakisema tabia za watu. Kwenye kreti ya ndizi msemo huo ni kemia tupu: tunda moja lililopondeka linatoa ethilini, majirani zake wanaipokea, nao wanaanza kutoa ya kwao, na asubuhi yake unakuta kreti nzima imegeuka rangi bila hodi.

Kwa nini nawachosha na pumzi? Kwa sababu utando unafanya kazi kwa kuzigusa pumzi hizo. Asiyezijua anapaka rangi ya ukuta.

Tena, Mungu hakuliacha tunda uchi. Chukueni zabibu nyeusi, mpanguse kwa kidole ule unga mweupe uliotanda juu ya ngozi. Wengi hudhani ni vumbi au dawa ya shambani, na wanaosha kwa bidii. Ule unga ni nta ya zabibu yenyewe. Tofaa lina yake, embe lina yake, chungwa lina yake. Nta hiyo ndiyo inayozuia maji yasikimbie, na hewa hupitia kwenye vitundu vidogo vya ngozi na kwenye kovu la kikonyo. Sasa tazama tunavyolipokea tunda ghalani. Tunaliosha, tunalisugua kwa brashi, tunalisuguanisha na wenzake kwenye safari ya saa nane, halafu tunashangaa kwa nini limesinyaa siku ya nne. Kwa sehemu kubwa, utando tunaoupaka ni deni tunalolilipa tunda baada ya kulivua nguo.

Deni hilo lina thamani. Matunda mengi yana maji zaidi ya asilimia 80, na yakipoteza asilimia 5 hadi 10 tu ya uzito wake, mengi huanza kuonekana yamenyauka. Anayeuza kwa kilo anapoteza hata kabla jicho la mnunuzi halijaona kasoro: maji yaliyoruka usiku yalikuwa sehemu ya mzigo wake. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria mwaka 2019 kwamba asilimia 14 hivi ya chakula duniani hupotea kati ya kuvunwa na kufika kwa muuzaji wa rejareja, na kwa matunda na mboga hasara hiyo inapita asilimia 20. Tunda moja kati ya matano. Maji yake, mbolea yake na jasho lake vyote vilishalipiwa.

Haya, utando unafanyaje kazi? Kuhusu maji ni rahisi kuelewa, ni kama kufunika chungu. Kuhusu hewa ndipo penye ufundi. Hewa tunayovuta humu ukumbini ina oksijeni karibu asilimia 21. Utando uliopimwa vizuri hupunguza oksijeni inayoingia ndani ya tunda na huchelewesha kabonidioksidi inayotoka. Hewa ya ndani inabadilika, tunda linapunguza mwendo, ethilini inachelewa, kijani kinachelewa kuondoka, nyama inabaki imara. Lakini ukizidisha, oksijeni ikashuka mno, chembe za tunda hazitakaa kimya zife kwa adabu. Zinabadili njia, zinaanza kuchachusha sukari. Inatokea asetaldehidi, kisha alkoholi. Nje tunda linabaki zuri, pengine zuri kupita kawaida, na ndani kunapikwa jambo lingine kabisa.

Kosa hilo lina umri mkubwa. Katika karne za 12 na 13, Wachina walikuwa wakitia machungwa na malimau kwenye nta ili yasikauke njiani. Maji yalizuilika kweli, lakini nta ilikuwa nzito, pumzi zikaziba, matunda yakachacha. Imepita karibu miaka 800, na mtu anayesimama mbele yenu amelirudia kosa hilohilo mara nne juu ya embe moja, kwa makusudi, ili mlione.

Sasa tuje kwenye vitu vyenyewe. Kuna koo mbili kubwa, na tabia zake zinapingana.

Ukoo wa kwanza ni nta na mafuta. Hizi hazipendani na maji, kwa hiyo zinayazuia vizuri. Ipo nta ya nyuki, ambayo kila mtu anaijua. Ipo karnauba, inayokwanguliwa kwenye majani ya mnazimwitu wa kaskazini mashariki mwa Brazili. Ni ngumu kiasi kwamba inahitaji zaidi ya nyuzi 80 ili iyeyuke. Ipo shelaki, inayotokana na utomvu wa mdudu mdogo anayeishi kwenye matawi ya miti huko India na Thailand. Shelaki ndiyo malkia wa kung'arisha. Ukiona tofaa linalorudisha taa za dukani kama kioo, huenda ni yeye. Kwa maoni yangu, mng'ao umetudanganya vya kutosha. Shelaki inabana hewa kuliko karnauba, na tunda lililovishwa shelaki likitoka baridi kuingia joto likatoka jasho, ule mng'ao unaweza kugeuka weupe kama chokaa. Mimi nikipewa nafasi ya kuchagua nachukua karnauba, ing'ae kidogo, ipumue zaidi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Ukoo wa pili ni wanga, gundi za miti, mwani na kitosani. Hizi zinapenda maji. Zinazuia hewa vizuri zikiwa kavu, lakini mvuke unapita kama mwizi kwenye ua wa matete, na ghala likiwa na unyevu mwingi hata hewa inaanza kupenya. Ndiyo maana mafundi wengi huoanisha koo hizi: gundi kidogo, nta kidogo, na kitu cha kuyashikanisha ili mafuta yasijitenge. Ndoa hizo si zote zinadumu. Nimeona michanganyiko iliyokaa vizuri kwenye ndoo na ikapasuka juu ya tunda kama matope ya kiangazi. Wanga hasa, uwe wa muhogo au wa mahindi, ukikauka peke yake ni mkavu na mwepesi kupasuka. Unatiwa gliserini kidogo ili uwe na unyumbufu. Na lazima upikwe kwanza hadi uwe uji mwembamba unaopitisha mwanga, asilimia 2 au 3 ya wanga ndani ya maji, kisha upoe. Anayekoroga wanga mbichi kwenye maji baridi akachovya matunda amejipatia matunda yenye vumbi.

Gundi ya akasia ni rafiki wa mwenye vifaa vichache. Inatoka kwenye mti wa jamii ya migunga, na Sudan ndiyo inayoongoza kwa kuizalisha. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuyeyusha nyingi ndani ya maji na bado yakabaki mepesi. Watafiti nchini Malaysia waliipima kwenye nyanya, wakaona myeyuko wa asilimia 10 unachelewesha kuiva vizuri. Na kwenye ndizi waliichanganya na kitosani kidogo. Alginati ya mwani wa kahawia nayo ina mchezo wake: ukichovya tunda kwenye alginati kisha kwenye maji yenye kalsiamu, utando unaganda papo hapo. Ni nzuri zaidi kwa matunda yaliyokatwa vipande. Sitakaa hapo.

Nataka kukaa kwenye viwili.

Cha kwanza ni kitosani, hii iliyoko kwenye embe la kati. Chanzo chake ni kitini, kitu kinachoyapa magamba ya kamba na kaa ugumu wake. Mfaransa Henri Braconnot alikiona kwanza kwenye uyoga, mwaka 1811. Magamba hayo, ambayo kwa kawaida ni uchafu unaonuka nyuma ya kiwanda cha samaki, yanasafishwa kwa asidi na magadi makali hadi yabaki unga mweupe. Unga huo hauyeyuki kwenye maji matupu. Unataka uchachu kidogo, asidi ileile iliyo kwenye siki, kiasi cha asilimia 1. Utando wake una kitu ambacho wanga hauna: chembe zake zina chaji chanya, na ngozi za seli za kuvu zina chaji hasi, kwa hiyo inazing'ang'ania na kuzivuruga. Wakulima wa maembe mnaujua ugonjwa wa chule, yale madoa meusi. Kuvu wa chule huingia tunda likiwa changa, akajificha, akasubiri tunda liive ndipo ajitokeze. Kwa hiyo unaweza kuchuma embe safi kabisa machoni na adui yuko ndani tayari. Kitosani humchelewesha adui huyo. Sijasema inamwua, na yeyote atakayekuuzia kwa neno hilo mwulize maswali.

Cha pili ni mshubiri, na hapa nina ugomvi mdogo na lugha yetu. Tunasema kitu ni kichungu kama shubiri, na ni kweli. Lakini jani la mshubiri lina vitu viwili. Chini tu ya ngozi kuna maji ya njano, hayo ndiyo machungu na ndiyo yanayoharisha. Katikati kuna ute mweupe wa kuteleza ambao karibu hauna ladha. Utando unatengenezwa kwa ute, basi. Jani likikatwa lisimamishwe, kichwa chini, mpaka ile njano itiririke iishe, kisha ngozi imenywe, ute usagwe na uchujwe. Mtu mwenye haraka anasaga jani zima, halafu analaumu sayansi wateja wakirudi wamekunja sura. Mwaka 2005 watafiti wa Hispania waliandika matokeo yao juu ya zabibu zilizovishwa ute huo: zilizovishwa ziliweza kukaa hadi siku 35 kwenye nyuzi 1, wakati zisizovishwa zilikadiriwa kufaa kwa siku 7 za baridi na siku 4 zaidi nje. Ni tofauti kubwa mno. Ila sikilizeni vizuri sentensi hiyo: kwenye nyuzi 1. Zabibu zile zilikuwa baridini.

Ndipo ninaporudi kwenye hesabu niliyowaomba mshike. Ukilitoa tunda kwenye nyuzi 30 ukaliweka kwenye 20, umelipunguzia kasi kwa nusu au zaidi, bila kupaka chochote. Kuchuma alfajiri, kivuli na upepo unaopita ni bure, na vinashinda utando mbovu. Utando juu ya tunda lililoshinda juani ni koti juu ya mtu mwenye homa. Mama mmoja aliniuliza pale mlangoni, "Mwanangu, sasa nikishapaka niuze jokofu langu?" Hapana, mama. Usiuze. Lakini kuna matunda ambayo jokofu lenyewe linayaumiza: ndizi ikiwekwa chini ya nyuzi 13 hivi inageuka nyeusi, na embe nalo halipendi baridi kali. Hao ndio utando unawasaidia zaidi, kwa sababu hawawezi kukimbilia baridi kama tofaa.

Niwaambie lililonipata mimi, maana nisingependa mlipate. Nilipoanza kazi hii nilipewa kreti 40 za papai, na nilikuwa na pipa moja la dawa nililolitengeneza kwa mahesabu ya kitabuni, kila gramu mahali pake. Nikachovya kreti ya kwanza, ya pili, ya kumi, na maji yakaanza kuwa na rangi ya chai. Sikuyabadilisha. Niliyaonea huruma, yalinigharimu. Baada ya siku tano, kreti za mwanzo zilikuwa nzuri na za mwisho zilikuwa zimeota ukungu kuliko zile ambazo sikuzigusa kabisa. Nilikuwa nimetengeneza supu ya kuvu na kuigawa kwa haki, papai kwa papai. Msimamizi wangu hakunifokea. Aliniletea pipa, akaliinamisha, akanionyesha matope yaliyotulia chini, akaondoka zake.

Tangu siku hiyo kazi yangu huanza kwenye maji. Matunda yanachambuliwa kwanza: lililopondeka, lenye jeraha, lililokwisha kuiva, yote kando, maana utando haufufui. Tunda la kundi linaloiva ghalani ulivishe likiwa limekomaa na bado gumu; ukisubiri mpaka ile pumzi kubwa ianze, unafukuza basi lililokwisha kuondoka. Yanaoshwa kwa maji safi yenye klorini kidogo, kisha yanakauka kabisa, kwa sababu tone la maji likibaki juu ya ngozi linaupunguza utando pale pale na kuacha kidirisha. Halafu ndipo yanachovywa, dakika moja au mbili, yanachuruzika kwenye wavu, yanapigwa na feni mpaka kidole kisinate. Utando unaonata ni gundi ya vumbi na inzi. Na maji ya kuchovya yana mwisho wake: yakibadilika rangi, mwaga. Yakilala usiku, mwaga, hasa ya wanga na ya mshubiri, kwa kuwa vijidudu navyo vinakula.

Vipimo? Kitosani watu wengi hufanya kati ya nusu na asilimia 2. Lakini aina moja ya embe si ndugu wa aina nyingine, ngozi zinatofautiana, na namba iliyomfaa jirani inaweza kukuharibia. Jaribu kwa matunda 20 kabla hujajaribu kwa tani. Gawa makundi, moja liache bila kupaka, andika tarehe, pima uzito kila siku mbili, na siku ya mwisho kata uonje. Watu wanapenda kupima na kupiga picha; kuonja wanasahau. Utando mzito unapita mtihani wa mizani, unapita mtihani wa picha, na unaanguka mdomoni.

Kuhusu usalama nitasema machache kwa kuwa ndipo maneno mengi yanapozagaa. Ulaya vitu hivi vina namba zake za viambato: nta ya nyuki ni E901, karnauba E903, shelaki E904, gundi ya akasia E414. Ukiona namba hizo usikimbie, ni majina tu. Lakini mlaji ana haki ya kujua alichovishiwa. Mwenye mzio wa kamba na kaa atataka kujua kama ni kitosani ya magamba, mwenye mzio wa maziwa atauliza kuhusu protini ya maziwa, na asiyekula chochote cha mnyama atataka kujua kuhusu shelaki na nta ya nyuki. Andikeni kwenye boksi. Mwaka 2023 kampuni ya Kimarekani ya Apeel, inayotengeneza utando kwa mafuta ya mimea, iliandamwa mitandaoni kwa karatasi ya tahadhari iliyosambazwa na maelfu ya watu. Karatasi ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa ya sabuni ya kusafishia ya kampuni nyingine ya Uingereza yenye jina kama hilo. Uvumi ule haukuhitaji uongo mwingi. Ulipata mahali ambapo watu hawakuwa wameelezwa kitu, ukakaa. Msingoje kuulizwa ndipo mseme mmepaka nini.

Kuosha je? Kitosani na gundi hupungua kwa maji. Nta haitoki kwa maji ya bomba, na haina neno, mwili hauisagi, inapita tu. Anayeichukia amenye.

Haya. Kisu.

La kushoto kwanza. Mnaona: tamu, rangi nzuri ya machungwa, lakini robo hii ya juu imeshakwenda na chule, na nyama ya chini imekuwa uji. Mwenye njaa atalila, mwenye duka halitamsaidia. La katikati... sikilizeni kisu kinavyoingia, bado kuna ukinzani. Nyama ya njano, imara, harufu ya embe imeanza tu. Hili nalipa siku tatu, nne, kabla halijafika kileleni.

Na hili la kulia, mteule wenu. Nje kijani, halina mkunjo hata mmoja. Nalikata. Hapa karibu na kokwa mnaona wekundu wa kahawia? Mzee wangu wa mstari wa mbele, samahani, sogea, nikupe kipande. Usile, nusa kwanza. Tuambie kwa sauti.

Anasema hili si embe, hili ni pombe.

Kipande kinazunguka, pokezaneni. Chini ya meza kuna kreti ya yale ya utando mmoja, 20, kila moja nimeliandika tarehe kwenye kikaratasi. Njooni mle, na atakayekuta lenye ladha ya ajabu aniletee kikaratasi chake.